Shaba Mdomoni mwa Simike

Siku hizi kila mtu hapa Halmire anatembea na kifuko kiunoni, na kila asubuhi sokoni yuko mtu analia kwamba kifuko chake kimekatwa. Wanashangaa! Mimi sishangai hata kidogo. Zamani pesa ilikaa mahali pake, ndani ya shavu, na mwizi aliyetaka kukuibia ilimbidi kwanza akubusu. Wezi wenye moyo huo walikuwa wachache, na kwa Simike muuza dengu hakutokea hata mmoja.

Simike alikuwa mjane mfupi, mpana, mwenye mikono iliyokuwa myekundu kwa moto na mvuke. Mumewe alikwenda kupiga makasia kwa ujira katika meli za mji mwingine, akamwachia chungu, upawa, na ahadi kwamba angerudi kabla ya mavuno ya zabibu. Zabibu zikavunwa, zikakamuliwa, divai yake ikanywewa, mume hakuonekana. Simike akajifuta uso, akaloweka dengu, akaingia sokoni.

Upande wa kulia wa kinywa chake magego yalikuwa yameng'oka yote, na ndani ya pengo hilo ndimo alimoweka mauzo yake. Pesa yetu ya wakati ule ilikuwa fedha halisi, vipande vidogo kama magamba ya dagaa. Ukipiga chafya umeshaipoteza. Simike alivisukuma kwa ulimi mpaka ndani kabisa ya pengo, kisha akaendelea na kazi kama kawaida. Alionja supu, alitafuna zeituni na kutema kokwa, alimtukana mteja aliyelalamika, alimbembeleza aliyefuata, na hakuna gamba hata moja lililosogea. Nimeona watu wa miji mingine wakisimama mbele yake na bakuli mkononi, supu inapoa, wanamtazama tu mdomo.

Na sauti! Alisimama kwenye chemchemi ya soko, pale maji yanapotoka kinywani mwa simba wa jiwe, akapanua kifua.

"Dengu! Dengu ya moto! Siki juu, giligilani juu, njaa chini!"

Fundi viatu aliyekaa mwisho kabisa wa soko, kule kwenye ngozi mbichi, alisema sauti ile ikimfikia hutoboa ngozi bila sindano.

Nafasi ile ya chemchemini ilikuwa na thamani kuliko shamba. Muuza chakula aliyeipata alikuwa na maji karibu, na watu wote waliopanga foleni na mitungi yao walipigwa na harufu ya chungu chake mpaka wakanunua. Walioikosa walibeba maji begani kutwa nzima. Lakini nafasi haikununuliwa, kama inavyonunuliwa leo na watu wasiojua hata kuwasha moto. Ilishindaniwa. Kila mwaka, mwezi wa kwanza wa masika ukiandama, wauza vyakula walisimama chemchemini wakanadi mmoja baada ya mwingine. Sheria ilichongwa kwenye jiwe kando ya simba, nami nililisoma kwa kidole, herufi baada ya herufi, kabla mtu yeyote hajanifundisha kusoma. Ilisema kila mtu anadi akiwa na bei ya chungu kimoja mdomoni, asikike mpaka kwa fundi viatu. Atakayetema kabla shindano halijafungwa, ametoka. Msimamizi wa soko aliwapa mgongo, akatazama ukuta, asije akampendelea mtu kwa sura. Watu walipiga kelele kwa aliyewafurahisha, na aliyepigiwa kelele nyingi alipewa nafasi.

Tangu ujane wake Simike alikuwa hajashindwa hata mwaka mmoja. Vipande vitatu vya fedha, bei ya chungu chake, vilikuwa kwake kama si kitu.

Aliyeitaka nafasi ile kuliko wote ni Batrako muuza maharagwe. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mdomo mpana wa kutisha, na hakuwahi kucheka. Sisemi alicheka mara chache. Hakuwahi. Watu walisema mama yake alimwogesha kwa siki. Biashara yake ilikuwa kule kule kwenye ngozi, na aliyekula maharagwe yake alihisi anakula kiatu. Kila asubuhi yeye na Simike walisalimiana kwa matusi, yeye kutoka upande wake na mama kutoka upande wake, na soko lote likiwa katikati yao.

"We Batrako! Umeamkaje, uso wa pishi tupu?"

"Nimeamka salama, mama. Naona leo dengu zako zimezidi mawe."

"Mawe yangu matamu kuliko maharagwe yako! Hata nzi wakitua kwenye bakuli lako wanaomba radhi wanaondoka!"

Soko linaanguka kicheko, Batrako anakoroga chungu chake na uso ule ule. Hivyo ndivyo tulivyoanza siku.

Kisha ukuta wa kusini wa mji ukaporomoka.

Waashi waliletwa kutoka nje, na waashi wa nje hawakutaka kusikia habari ya kitu kingine ila fedha. Mji ukakamuliwa fedha yake yote mpaka likabaki vumbi. Raia wakakutana, wakapiga kura: Halmire itagonga pesa yake yenyewe ya shaba, sarafu nane kwa kipande kimoja cha fedha, na ndani ya soko hakuna kuuza wala kununua kwa kitu kingine. Batrako alinyosha mkono wake mrefu kuunga mkono. Simike, kwa kuwa ni mwanamke, alikuwa nje ya ua wa mkutano akisikiliza juu ya ukuta, na maneno aliyosema yaliwafikia wote waliokuwa ndani.

Sarafu zilipotoka tulizikimbilia kama watoto. Upande mmoja alikuwa Bibi wa Chemchemi, mlinzi wa maji yetu, upande wa pili kalunguyeye na miiba yake, alama yetu tangu mababu. Aliyechonga muhuri kazi yake ilikuwa kuchonga vipini vya visu, na ilionekana. Kalunguyeye wake alikuwa kama mkate wa shayiri uliosahauliwa tanurini. Bibi wa Chemchemi naye alikuwa na shavu moja limevimba.

Simike aliigeuza sarafu moja juani. "Huyu naye kaficha hela mdomoni," akasema.

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Lakini ilikuwa sarafu nene, pana kama ukucha wa dole gumba, na ukiitia mdomoni unaonja msumari. Mate yalikuwa ya kijani. Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa limefunga midomo. Watu wanauziana kwa vidole na nyusi, na anayetaka kusema jambo anageuka kwanza pembeni, anatema mauzo yake mkononi, anasema, kisha anayarudisha. Mapatano ya kununua samaki mmoja yalichukua muda wa kuoa.

Simike akasema yeye hatajaza shaba kinywani. Akatenga chungu cha pili, kitupu, akakiweka kando ya kile cha dengu, kila sarafu akaidondosha humo. Siku ya pili kulikuwa na mvuke mwingi na foleni ndefu, mkono ukakosea chungu. Mteja mmoja, mpaka rangi wa meli, akauma kijiko cha dengu, akatoa mlio, akachomoa kalunguyeye wa shaba katikati ya meno.

"Mama Simike! Supu yako imenilipa!"

Huo ndio ukawa mwisho wa amani. Habari ilienea soko zima kabla hajameza tonge la pili. Watu walimiminika. Walinunua bakuli moja, mbili, tatu, wakachimba kwa vidole, wakamwaga chini wachungulie. Mzee mmoja alikunywa mpaka akalala chali kando ya simba akiomboleza, na hakupata kitu. Simike alikuwa anauza kuliko alivyowahi kuuza maishani, na kadiri alivyouza ndivyo walivyozidi kumkosesha raha.

"Hamna hela humo!" alipiga kelele. "Ni dengu! Kuleni dengu, washenzi nyie!"

"Tia nyingine, mama, ile ya chini chini!"

Jioni alikivunja kile chungu cha pili. Kuanzia kesho yake akaanza kutia shaba shavuni kama watu wengine, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, chemchemi ikanyamaza. Sarafu nne zilijaza pengo lake. Ya tano ilikaa juu ya ulimi. Watu walichota maji wakaondoka, kwa kuwa hawakusikia kitu. Batrako alijipatia wateja kule kwenye ngozi, mdomo ule mpana umebeba sarafu kumi na bado ananadi maharagwe yake taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

Na mwezi wa masika ulikuwa unakaribia.

"Dada, utamshindaje?" aliuliza Bitina, mdogo wake Simike, aliyemsaidia kuchagua dengu nyumbani. "Mdomo wake ni ghala."

"Bei ya chungu ni vipande vitatu vya fedha," alisema Simike. "Vitatu vyangu nimevificha kwa ajili ya siku hiyo. Shindano si biashara. Nitanadi kwa fedha kama kawaida, na yeye atarudi kule kwenye ngozi."

Hilo ndilo lililompa usingizi. Asubuhi ya shindano alikuja amefunga kitambaa kipya kichwani, anatabasamu, anasalimia watu kama bi harusi.

Msimamizi wa soko mwaka ule alikuwa Euthidiko, muuza vigae vya paa, aliyeangukiwa na kura ya kazi hiyo bila kuiomba. Alikuwa mtu mwema mwenye jasho jingi, aliyeogopa kukosea kuliko alivyoogopa kufa. Simike akamwonyesha kiganja.

"Vitatu, mheshimiwa. Bei ya chungu kimoja."

Euthidiko akaviangalia kama nge. "Mama, hiyo ni fedha. Fedha imepigwa marufuku humu sokoni. Hata kuishika hivyo, tafadhali, ifiche."

"Basi tunadi midomo mitupu."

"Jiwe linasema bei ya chungu kimoja."

"Jiwe lilichongwa shaba haijazaliwa!"

"Halijafutwa, mama. Mimi sina ruhusa ya kufuta jiwe."

Kila mtu sokoni akawa anapiga hesabu, na unaona hesabu ikiwafikia mmoja mmoja usoni. Batrako ndiye aliyeitamka.

"Tatu mara nane. Ishirini na nne." Akamtazama Simike bila kupepesa. "Au mama anaogopa miiba ya kalunguyeye?"

Mtu yeyote mwenye akili angeahirisha. Lakini mji huu, wakati ule, ulikuwa na heshima na mambo yake hata yakiwa ya kipuuzi, na kwa hilo mimi bado naukumbuka kwa hamu. Hakuna aliyesema turudi nyumbani. Walileta kapu la sarafu, wakahesabiana ishirini na nne kila mtu, Euthidiko akageukia ukuta, na shindano likaanza.

Loo!

Wa kwanza alikuwa muuza vitunguu saumu, mama mwembamba mwenye sauti nzuri siku nyingine. Alijaza mashavu mpaka macho yakawa madogo, akainua kidole, akanadi. Ikatoka sauti ya ng'ombe anayezaa. Punda aliyefungwa kwenye nguzo akaitikia. Watu wakaanza kuyumba.

"Anauza nini huyo?" aliuliza Euthidiko akiwa ukutani.

"Ndama!" akajibu mtu.

Akaja mwokaji. Yeye alijitahidi kusema "mkate" mara mbili, na mara ya pili sarafu zilimtoka puani, naapa, mbili, moja kila tundu. Akatolewa. Muuza tini hakunadi kabisa. Alipofumbua mdomo tu zikammwagikia kifuani kama anatapika utajiri. Muuza vitunguu saumu naye, aliyekuwa bado amezishika mdomoni, alimwona, akacheka, akazitema. Watu walikuwa wamekaa chini sasa. Fundi viatu aliacha kazi yake kule mbali akaja kuona kwa macho, ikabidi arudishwe mahali pake kwa nguvu, kwani bila yeye hakuna wa kusema sauti imefika.

Akasimama Batrako. Akazipanga polepole, kumi na mbili kushoto, kumi na mbili kulia, kama mtu anayepanga matofali. Mdomo ukafungika vizuri kabisa. Kisha akaufungua kidogo.

"Ma-ha-ra-gwe. Ya mo-to."

Ilikuwa nzito, ilikuwa na mlio wa chuma ndani yake, lakini yalikuwa maneno. Fundi viatu akapunga kiatu hewani: imefika. Watu wakapiga kelele ya kweli, kelele ya heshima, na nikaona uso wa Simike ukibadilika rangi. Batrako akasogea kando na mzigo wake shavuni, akakunja mikono, akangoja kufungwa kwa shindano. Alikuwa amebaki mtu mmoja tu.

Simike alizitia moja moja. Pengo likajaa. Shavu la pili likajaa. Akazisukuma chini ya ulimi, akazibana mbele ya meno, na ya mwisho aliiingiza kwa dole gumba kama mtu anayeziba mtungi. Uso wake wote ukawa mviringo. Bitina alijifunika macho.

Akapanua kifua kama alivyopanua kila asubuhi ya maisha yake, na ikatoka:

"Ngwwwrb."

Watu walijitahidi. Nasema kweli, walimpenda, walijitahidi sana. Waliuma nguo zao. Simike akajaribu tena, na safari hii uzi mrefu wa mate ya kijani ukashuka kidevuni ukaning'inia. Mtu mmoja nyuma akalia kama kuku. Basi tena. Soko lote likapasuka.

Na hapo Simike akakasirika. Akageuka, akamwona Batrako amesimama pale na mikono yake imekunjwa, uso wa pishi tupu, mshindi. Akamwendea. Akamnyoshea kidole puani. Na akiwa na kalunguyeye ishirini na nne kinywani, akaanza kumtukana.

Hakuna neno lililosikika. Ilikuwa ngwrb, ngwrb, bwlub. Lakini tuliujua wimbo! Tuliusikia kila asubuhi, tuliujua kupanda na kushuka kwake. Hapa anaingia uso wa pishi tupu. Hapa mkono unazunguka, hayo ni maharagwe. Vidole vinapepea, hao ni nzi wanatua. Na sasa anainama, anaweka mkono kifuani kwa adabu, anarudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo: nzi wanaomba radhi, nzi wanaondoka.

Bega moja la Batrako likatikisika.

"Ametikisika!" mtu akapiga kelele. "Jamani, Batrako ametikisika!"

Alifumba macho. Alikunja ngumi. Alitazama juu mbinguni kama anayeomba kupigwa radi. Mashavu yake yakaanza kuvimba, sarafu zikasikika humo ndani zikigongana, masikio yakawa mekundu. Simike, ambaye alikuwa bado anamalizia adabu za yule nzi wa mwisho, akamchungulia usoni kwa mshangao.

Ikatoka.

Miaka yote ile ya kicheko chake ilitoka siku hiyo kwa pigo moja. Kalunguyeye waliruka kama mvua ya mawe. Wengine waligonga simba. Mmoja alimpata Euthidiko kisogoni, naye bado anatazama ukuta kwa uaminifu, akaruka na kupiga yowe kwamba mji umevamiwa. Batrako akapiga magoti, akashika mbavu, akicheka kwa sauti nyembamba ya kitoto ambayo hakuna aliyejua anayo.

Simike alishtuka. Akavuta pumzi kwa nguvu, koo likapanda, koo likashuka. Akasimama wima, macho yamemtoka, mkono kooni.

Sarafu moja ilikuwa imekwenda.

Alijaribu ulimi wake taratibu. Nafasi ya sarafu moja si kubwa, lakini kwa ulimi wa Simike ilitosha kama uwanja. Akageukia soko.

"Dengu!" akanadi. "Dengu ya moto! Siki juu, giligilani juu, njaa chini!"

Kule mwisho, fundi viatu alirusha viatu vyote viwili.

Sitaeleza kelele iliyofuata. Punda alikata kamba. Euthidiko aligeuka hatimaye, akamwomba Simike ateme kwenye bakuli, akahesabu, akahesabu tena, jasho likamtiririka.

"Ishirini na tatu," akasema kwa huzuni. "Mama, imepungua moja. Mmoja wenu aniambie, ametema? Kama alitema kabla ya kunadi, ametoka, na nafasi ni ya Batrako, maana yeye alinadi kabla... hapana, Batrako naye ametema. Ee miungu. Basi hakuna mshindi na chemchemi itakaa tupu mwaka mzima."

"Nimemeza!" alisema Simike.

"Wewe huwezi kujishuhudia, mama. Nani alikuwa karibu?"

Hakukuwa na mtu karibu isipokuwa mmoja. Wote tukamtazama. Batrako alikuwa bado amekaa chini, anajifuta machozi kwa kiganja. Angesema Simike ametema, chemchemi ingekaa tupu, na mtu mwenye subira na mdomo mpana angeipata mwaka ujao bila jasho. Simike alilijua hilo. Alikuwa ameshika kitambaa chake kipya kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na tusi lolote.

"Batrako," alisema Euthidiko, "ulimwona?"

"Nilimwona." Batrako akakohoa, akajaribu kuurudisha uso wake wa zamani. "Mheshimiwa, yule mama... ame..." Akamtazama. Simike, kwa woga tu, alikuwa amevimbisha mashavu matupu. Batrako akaanza upya, akaanguka ubavu, akapiga ardhi kwa kiganja. "Amemeza!" alilia. "Amemeza, bwana, niliona koo likipanda na kushuka! Mwondoeni mbele yangu, nitakufa!"

"Amemeza," akarudia Euthidiko polepole, kama mtu anayejaribu kigae kabla ya kukikanyaga. "Jiwe linakataza kutema tu. Basi bei ya chungu anayo bado. Anayo ndani zaidi kuliko wote."

"Amelipa nauli yake mapema!" akapiga kelele yule mpaka rangi. Maana kwetu maiti hutiwa sarafu mdomoni amlipe mzee wa kivuko kule chini. "Yule mzee wa mashua itabidi amkoroge kwa upawa!"

"Mama Simike, tia nyingine, ile ya chini chini!"

Walimbeba kuizunguka chemchemi, mnene vile, wakamwangusha mara moja njiani.

Kesho yake asubuhi moto wake ulikuwa unawaka kando ya simba wa jiwe kama miaka yote. Foleni ya mitungi ilikuwa ndefu. Mwishoni mwa foleni alisimama Batrako na mitungi yake miwili, uso umerudi mahali pake, au karibu na mahali pake. Alipofikiwa na zamu hakuinama kuchota. Alimgeukia Simike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chota uende, watu wanangoja."

"Jana, yule nzi wa mwisho." Batrako alitazama pembeni. "Baada ya kuomba radhi. Ulisema neno jingine pale, refu. Sikulipata vizuri."

Simike alimpima kwa macho kutoka juu mpaka chini. Akajaza bakuli, akatia siki, akatia giligilani, akalishika juu.

"Lete kwanza sarafu."

Batrako akatoa kalunguyeye mmoja shavuni, akamfuta kwenye nguo, akamkabidhi. Simike akamtia kinywani. Akamsukuma kwa ulimi, akamsukuma tena, mpaka akakaa vizuri ndani ya pengo. Kisha akapanua kifua, akamwambia lile neno lote, mwanzo mpaka mwisho, fundi viatu akilisikia kule kule alikokaa. Na mitungi miwili ya Batrako ikamponyoka ikavunjika juu ya mawe.